Jina Nililolituma Yeoville

Watu wa huku Johannesburg wakipotelewa na ndugu yao hukimbilia kwanza kwa mganga, halafu hospitali, halafu kwangu. Nimewaambia mara chungu nzima kwamba mpangilio huo ni wa kijinga. Njooni kwangu kwanza. Mganga atawaambia ndugu yenu yuko mahali penye maji na miti, na mahali penye maji na miti ni pengi. Mimi nitawaambia yuko kituo gani cha polisi, anapandishwa mahakamani chumba namba ngapi, na siku gani mnaruhusiwa kumwona.

Kazi yangu hasa ni ushonaji. Nina cherehani mbili na meza ya kukatia katika chumba cha mbele cha nyumba moja ya Mayfair, si mbali na msikiti, nami nashona mabaibui, makanzu na sare za shule. Kutafuta watu kulinijia kwenyewe. Kaka yangu alikamatwa mwaka wa pili tulipofika nchi hii, nikazunguka siku kumi na moja nikilia kwenye kaunta za watu, kumbe alikuwa kituo kile kile cha kwanza nilichoingia. Nilikuwa nimeuliza vibaya. Nilimwambia polisi wa zamu, "Namtafuta kaka yangu," na polisi hana daftari la makaka, ana daftari la majina. Akasema hapana, nikaondoka. Nilipokuja kumpata amekonda na ana kikohozi, niliapa kwamba sitaulizia mtu vibaya tena, na kwa miaka mingi nilikitunza kiapo hicho vizuri sana, tena nikajivuna nacho.

Mteja wangu mmoja ana mpwa wake Marekani. Huyo mpwa alimwambia kwamba kule kwao unaandika jina kwenye simu na mara unatolewa picha ya mfungwa, kosa lake na siku atakayotoka, hata kama humjui. Yule mteja akanijia mbio nimtafutie huduma kama hiyo ya hapa. Nilicheka. Hapa kompyuta ya gereza ipo, lakini imekaa upande wa askari na wewe umesimama upande wa dirisha. Unachohitaji ni miguu, mdomo, na subira ya kupanga foleni. Kituoni kuna daftari la mahabusu. Mahakamani, kila asubuhi, wanabandika ukutani nje ya kila chumba orodha ya watu watakaopandishwa siku hiyo, jina na namba ya kesi. Gerezani kuna dirisha, na nyuma ya dirisha kuna mtu ambaye ukimwamkia vizuri na ukampa jina lililokamilika, atabonyeza na kukuambia yupo au hayupo. Orodha za ukutani ni za watu wote. Mtu yeyote anaweza kusimama akasoma. Ajabu ni kwamba hakuna anayesoma.

Mimi nasoma. Jumatatu na Alhamisi, kabla sijafungua duka, nakwenda mahakamani na daftari langu, napita mlango kwa mlango. Sitafuti wa kwetu peke yao. Jina lolote lenye harufu ya ugenini nalinakili. Ya Wasomali nampelekea mwenye duka ninakonunua uzi, pale pale Mayfair. Ya Warundi nampelekea kinyozi mmoja wa Bellevue. Ya Wakongo nampelekea kwa simu mama mmoja msusi wa Yeoville, ambaye kanisani kwao ndiye kiongozi wa akina mama wanaotembelea wafungwa. Yeye naye akiona huko gerezani jina la Kiislamu lenye sura ya pwani, ananitumia mimi. Tumefanya hivi miaka sita. Hajawahi kuingia msikitini, sijawahi kuingia kanisani, na hatujawahi kugombana.

Tatizo letu kubwa ni kwamba sisi wageni tukikaa pamoja hatuna majina. Mtu ni Mama wa fulani, au Fundi, au Mpemba, au Mrefu. Alinijia kijana mmoja analia machozi ya kweli, amempoteza mtu aliyelala naye chumba kimoja miaka minne. Nikamuuliza jina. Akasema, "Sisi tulikuwa tunamwita Mjomba, mama." Nilimfukuza akaulize vizuri. Ndiyo maana nina sheria yangu, na kila anayekuja anaijua: sipokei machozi kabla ya kupewa mambo matatu. Jina alilopewa na baba yake. Jina lililo kwenye karatasi yake. Tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye karatasi hiyo hiyo.

Karatasi ni ile ya ukimbizi, ambayo bila hiyo hutembei hapa. Na wenzangu wengi, walipofika pale kwenye ofisi ya wakimbizi, waliona kwamba mtu wa Dar es Salaam akisema ametoka Dar es Salaam anaambiwa rudi, kwenu kuna amani. Basi wakawa Warundi. Wengine wakawa Wakongo. Siwahukumu, njaa haina adabu. Lakini polisi akimkamata mtu anaandika kilicho kwenye karatasi, si alichoitwa na mama yake, na ukienda dirishani na jina la mama yake utaambiwa hayupo, naye yuko ukuta wa pili anakusikia.

Nimeeleza yote haya ili ieleweke kwamba nilikuwa najua. Hakuna aliyekuwa anajua kuliko mimi.

Fundi wa friji alikuwa mtu wa Tanga, na si Tanga tu, bali Ngamiani, mitaa miwili kutoka kwetu. Alinitengenezea friji yangu mara tatu na mara zote tatu alikataa malipo akala wali. Idi tulikuwa tunakula pamoja. Mkewe alibaki Tanga na mabinti wawili, na kila mwaka niliwashonea mabinti hao nguo za Idi, mkewe akinitajia vipimo kwa simu. Kwa hiyo yule mke nilimjua kwa sauti, na wale watoto niliwajua kwa urefu wa mikono.

Alhamisi moja, mwezi na nusu kabla ya Ramadhani, fundi alimuaga kijana anayekaa naye, akachukua mkoba akasema anakwenda Durban kuangalia mashine kuukuu za friji. Siku ile gari moja la abiria la Durban lilipinduka njiani likawaka moto, na baadhi ya maiti hazikutambulika. Simu ya fundi ikawa haipatikani. Ikapita siku ya kwanza, ya pili, ikapita wiki.

Shehe wa msikiti wetu alikuja dukani na yule kijana. Wanaume walikuwa wameshazunguka hospitali zote. Shehe akaniambia, "Mama, kabla hatujatamka neno, tazama magerezani. Ukisema yupo, tutamshukuru Mungu. Ukisema hayupo, tutajua la kufanya."

Nikafunga duka siku nne. Mkewe alinisomea kwa simu majina matatu kama yalivyo kwenye pasi ya kusafiria, na tarehe ya kuzaliwa, herufi kwa herufi na mwaka kwa mwaka. Nikapita vituoni. Nikapita mahakamani, mlango kwa mlango. Nikaenda kwenye lile gereza kubwa, nikamwamkia askari wa dirishani kwa Kizulu changu cha kubabaisha ambacho huwa kinamfurahisha, nikampa majina. Akabonyeza, hapana. Nikamwomba aanze na la babu. Hapana. Aanze na la baba. Hapana. Akanionea huruma akajaribu mwenyewe bila la kwanza. Akatikisa kichwa akasema, "Eish, mama."

Nilirudi nikamwambia shehe hayupo.

Jioni ile mkewe alipiga simu. Hakulia. Aliniuliza, "Dada, una hakika?" Nami nikamjibu, "Mdogo wangu, mimi nikisema hayupo, hayupo." Nilisema kwa upole, maana nilimwonea uchungu, lakini ndivyo nilivyosema, na kila neno nalikumbuka.

Ijumaa tukamsomea khitma, watu wakajaa mpaka uani. Kule Tanga mkewe akaingia eda. Akavua dhahabu, akavaa kaniki, akakaa chumbani kuhesabu miezi minne na siku kumi, na wale watoto wakaambiwa baba yao amekufa. Yote yalifanyika kwa neno langu, kwa sababu neno langu lilikuwa halijawahi kuanguka.

Kosa langu msomaji ameshaliona, kwa kuwa hakuwa amekula wali na fundi miaka mitano. Sikuuliza karatasi. Mkongo angekuja anamtafuta mumewe ningemuuliza karatasi kabla hajakaa. Mtu wa Ngamiani sikumuuliza. Niliona nitamdhalilisha, na zaidi ya hapo niliona namjua. Nyani haoni kundule. Wiki ile ile, siku ya pili ya kumtafuta, nilisimama mbele ya mlango mmoja wa mahakama nikaona jina la Kikongo, la kwanza la Kikristo kabisa, la mtume. Nikalinakili kwa mwandiko wangu. Nikalituma Yeoville: "Mama, huyu ni wenu." Akanijibu, "Merci dada, Bwana akubariki." Nikaendelea kumtafuta fundi wa friji.

Ramadhani ikaingia. Katika siku yake ya kumi na kitu nilikwenda Yeoville kununua vitenge, nikapita saluni kwa yule mama kumsalimu. Alikuwa anasuka, vidole vinakwenda, mdomo unakwenda. Aliponiona akaanza kulalamika.

"Dada, ule mutu wetu wa prison, ule ulinitumia jina yake, iko na shida."

"Shida gani?"

"Hakulake tena. Mbele alikulaka muzuri. Lakini hizi semaine, hizi wiki mbili, tukimununulia mukate na juisi pale ku duka ya prison, anaikunja mu karatasi, anaiweka mu chemise, mu shati. Anasema, 'Ahsante mama, nitakula jua likizama.' Minawaza pengine anaogopa sumu."

Mteja aliyekuwa anasukwa akacheka. Mimi sikucheka. Nikaweka vitenge chini.

"Ni mtu wa wapi?" nikamuuliza.

"Anasema Uvira. Lakini siku ya kwanza alinisalimia shikamoo. Uvira ni nani anasemaka shikamoo?" Akavuta nywele, akafunga fundo. "Na kuimba anaimbaka na siye. Lakini hajue neno hata moja, anafungula kinywa tu. Nilimuombea, akasema amina ya nguvu kupita bote."

"Vidole vyake viko sawa?"

Akaacha kusuka. Akainua kidole chake cha shahada akakikata kwa mkono mwingine, kwenye pingili ya juu. "Hiki ni kifupi. Alisema frigo ndiyo ilikula."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nikamwambia, "Mama, huyo si Mkongo. Huyo ni Mwislamu wa Tanga na amefunga. Ni mtu wa kwetu, na tumeshamsomea khitma."

Mwanzoni alikasirika. "Nimununulie mukate semaine yote hii, nimuwekee mikono ku kichwa mu jina la Yesu, na yeye ananidanganya?" Akaufyonza mdomo. Halafu akanitazama, akaona sura yangu, akaacha kitana. "Dada. Bibi yake anajua?"

Nikasema mkewe yuko edani. Ikabidi nimweleze eda ni nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika namba ya mfungwa kwenye kipande cha boksi la rasta akaniwekea mkononi. "Wende," akasema. "Jumamosi njo siku yao ya wageni."

Jumamosi nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Pale langoni kuna kitabu cha wageni. Unaandika jina lako, jina la unayemtembelea, na uhusiano. Nikaandika jina lile la mtume kwa mwandiko ule ule niliolinakilia mahakamani, na mbele yake nikaandika "dada". Maisha yangu yote nimewagombeza watu kwa sababu ya kuandikisha uongo kwenye madaftari. Siku ile niliuandika mwenyewe, tena kwa herufi nzuri.

Aliingia amevaa ovaroli ya manjano, amekonda, ndevu zimemjaa. Alikuwa anatarajia kwaya. Aliponiona mimi akasita, akamtazama askari, kisha akaja akakaa kwenye benchi mbele yangu akainamisha kichwa.

"Shikamoo dada. Tafadhali usiniite jina."

"Nikuite lipi? Unayo mawili."

"Taratibu, dada."

"Nitakuwa taratibu vipi? Wewe umeshakufa, taarifa unayo?"

Akadhani namtania. Sisi watu wa Tanga tunataniana hata msibani. Nikamweleza gari la Durban, moto, hospitali, khitma. Alikuwa ananitazama mdomo wazi.

"Mlipika?" akauliza.

"Pilau."

"Ya mbuzi?"

"Ya ng'ombe."

"Wachoyo wale," akasema, na akacheka, na mimi hasira zote nilizokuja nazo zikaniponyoka nikacheka naye mpaka askari akatugeukia. Kisha cheko likamkatika.

"Na mama watoto?"

"Yuko edani."

Alijifunika uso kwa mikono miwili, na kile kidole kifupi nikakiona vizuri. Mabega yalikuwa yanatikisika, na mimi nilitazama pembeni, kwa sababu mtu mzima akilia humtazami.

Alikamatwa Alhamisi ile ile asubuhi, hata kwenye gari hajapanda. Mkobani alikuwa na mashine ya friji aliyouziwa bila risiti, polisi wakasema ni ya wizi. Mfukoni alikuwa na karatasi inayosema ni mtu wa Uvira. Akawapa jina walilolikuta humo. Simu wakaichukua. Habari za ajali hakuzipata. Alidhani atapewa dhamana baada ya siku mbili tatu; walipomnyima kwa sababu anwani yake haikuthibitika, akaona heri anyamaze mpaka kesi iishe.

"Ungewatuma wale akina mama," nikasema. "Wanakuja kila wiki."

"Niwaambie nini? Kwamba si Mkongo? Na ninyi mngekuja hapa kumuulizia mtu wa Tanga mwenye sura hii, karatasi si ingechanwa siku hiyo hiyo?"

"Mficha uchi hazai," nikamwambia. "Hukumwambia hata mkeo jina la karatasi?"

"Ningemwambiaje kwamba naitwa jina la mtume wa makanisani?" Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, "Lakini dada, wewe si ndiye unayewauliza watu wote karatasi? Mbona mimi hukuniulizia?"

Nikamwambia nilidhani namjua. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Mpigie leo, dada. Usingoje kesho."

Ili nisije nikaacha jambo hili likining'inia, niseme kwamba kesi yake ilifutwa wiki chache baada ya Idi, aliyemuuzia mashine alipopatikana na kusema kweli. Alitoka na jina lile lile aliloingia nalo. Daftari la gereza mpaka leo linasema Mkongo mmoja wa Uvira aliingia na kutoka, na mimi, ninayependa madaftari yaseme kweli, sijalisahihisha na sitalisahihisha.

Kutoka gerezani nilikwenda moja kwa moja msikitini. Wanaume walikuwa wanatoka swala ya adhuhuri. Nikamwita shehe pembeni, kwenye rafu za viatu, nikamwambia fundi yu hai na nimemshika mkono. Akamhimidi Mungu mara tatu. Kisha akaniuliza, "Si ulisema hayupo?"

"Nilisema. Nilikosea."

Maneno hayo mawili sikuyazoea, na nadhani yalisikika hivyo. Nikamwomba yeye ndiye apige simu Tanga. Ni shehe, ana maneno yake, anajua kuyapanga. Tena ni suala la eda, ni la sheria.

"La sheria ni jepesi," akasema. "Mume yu hai, hakuna eda. Ainuke tu. Lakini simu hiyo si yangu, mama. Aliyesema hayupo ndiye atakayesema yupo."

Nilikasirika. Nilikasirika njia nzima, nikavuka robot, zile taa za barabarani, ikiwa nyekundu, nikapigiwa honi na nikamrudishia dereva maneno yasiyomfaa mtu aliyefunga. Nikafungua duka. Wateja wawili walikuwa wananingoja mlangoni na nguo zao za Idi, nikawaambia wakae. Nikakaa kwenye cherehani nikapiga.

Alipokea mama mkwe, akampelekea simu chumbani. Nikasikia sauti ya yule mke, ndogo, ya mtu aliyeshinda ndani zaidi ya mwezi.

"Mumeo yu hai," nikamwambia. Sikujua namna nyingine ya kuanza.

Nikamweleza yote, karatasi, gereza, wale akina mama wa kanisa. Sikujipunguzia. Nilimwambia jina lake nililinakili mwenyewe nikalituma kwa watu wengine.

"Dada," akasema nilipomaliza, "mara ya kwanza nilikuuliza kama una hakika."

"Uliniuliza."

"Na leo?"

"Leo nimekaa naye. Ameniuliza pilau ya khitma yake ilikuwa ya nini."

Hapo nikasikia pumzi yake ikikatika, kwa sababu alimjua mumewe. Lakini hakulia na hakucheka. Akasema, "Watoto niliwaambia mimi. Niliwakalisha kitandani nikawaambia baba harudi tena. Mdogo alinipiga. Dada, mimi siwezi kuwaambia tena kitu nilichoambiwa. Waambie wewe."

Kabla sijasema neno alikwisha kutoa simu. Nikasikia mtoto anapumua. Alikuwa yule mkubwa, wa miaka minane, ambaye mwaka ule mikono yake ilikuwa imerefuka inchi mbili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, nilikosea. Baba yako hakufa. Yupo."

"Yupo wapi?"

Watu wazima wote walionijia wameniuliza swali hilo, na nimewajibu bila kupepesa. Huyu nilitaka kumdanganya. Nilikuwa na safari tayari mdomoni, na hospitali, na kazi ya mbali isiyo na simu. Lakini nilikuwa nimeshawapa watu wa nyumba ile neno moja lisilo la kweli, na sikuona kama nina haki ya kuwapa la pili.

"Yupo jela," nikamwambia.

Simu ikagonga kitu kigumu, nikasikia miguu inakimbia sakafuni, mlango, na sauti ya yule mtoto ikipaa kutoka uani, anapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Bibi! Bibi! Baba hakufa! Yupo jela tu! Yupo jela!"

Ukapigwa ukelele mmoja wa vigelegele, wa sauti ya kizee, uliokatika katikati. Ukafuata mwingine, wa karibu zaidi na simu, nikamtambua kuwa ni mke mwenyewe. Kisha majirani wakadakia, nyumba kwa nyumba, na yule mtoto bado anapita kati yao anawatangazia jela. Neno hilo nimewapelekea watu miaka mingi, na kila mara limepokewa kwa kilio. Nililia mimi, kwa sauti, mchana kweupe, simu sikioni na wateja wawili wananitazama, wala sikujali.